Nafsi Isiyotajwa: Kusoma Fani ya Moduli za Ndani za Python

Ukiandika import sys katika Python, kisha ukaiuliza moduli hiyo imetoka faili gani, hupati jibu. Moduli nyingine hueleza asili yake bila kuombwa mara mbili: random itakuonyesha faili lake liko wapi, json vilevile, na unaweza kulifungua faili hilo ukausoma msimbo wake mstari kwa mstari. Lakini sys haina sifa ya __file__. Ukiichapisha kwenye skrini inajitambulisha kwa maneno machache tu, kwamba ni moduli iliyojengwa ndani. Ukiiagiza moduli ya inspect ikutolee msimbo wake, itakukatalia kwa kosa la TypeError. Chanzo kipo, tena kiko wazi kwa yeyote anayetaka kukisoma, ila kimeandikwa kwa lugha ya C katika faili la sysmodule.c na kuunganishwa na intapreta yenyewe. Programu yako inapoanza, sys imeshafika zamani.

Nataka kuisoma moduli hii, pamoja na jirani yake gc, jinsi mhakiki anavyosoma matini yoyote: kwa kuanza na fani. Maudhui yake hayana ubishi. Ni uwezo wa programu ya kawaida kugusa matumbo ya mashine inayoiendesha: kuona fremu za miito, kuhesabu marejeo ya kitu, kusimamisha uzoaji wa taka katika kumbukumbu, kupeleleza kila mstari unaotekelezwa. Swali ni uwezo huo umevikwa umbo gani. Majina yake yameundwaje? Fanksheni inadai hoja ngapi? Inarudisha nini, na nini hakipo ambacho msomaji alitarajia kukiona? Kwa maoni yangu umbo hilo ndilo mkataba halisi kati ya intapreta na mwandishi wa programu, na kasoro yake kubwa ya miaka mingi ni moja: fanksheni hizi hazina nafsi. Zinatenda jambo zito kwa niaba ya programu nzima bila kumtaja anayelitaka.

Tuanze na mchanganyiko wa tanzu. Guido van Rossum alianza kuiandika Python mwishoni mwa mwaka 1989 akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CWI mjini Amsterdam, na toleo la kwanza likatolewa hadharani Februari 1991. Tangu enzi hizo sys imekuwa mahali pa kuwekea kila kilicho cha intapreta. Kwa hiyo leo sys.argv, orodha ya maneno ambayo mtumiaji ameyaandika kwenye mstari wa amri, imekaa bega kwa bega na sys.settrace, ambayo inakupa mamlaka ya kuingilia utekelezaji wa kila mstari. Kuna sys.stdout, ambayo mwanafunzi huikuta wiki ya kwanza. Kuna na sys.setrecursionlimit, inayobadilisha kikomo cha miito inayojirudia, ambacho kwa kawaida ni 1000. Ukikipandisha ovyo mchakato mzima unaweza kuanguka bila hata ujumbe wa kosa. Vyote viko katika orodha moja, kwa mpangilio wa alfabeti, na kwa sauti ileile. Mpangilio huo ni wa haki kwa herufi, si kwa uzito wa mambo. Msomaji hapewi dalili ya wapi panatosha kusoma kwa haraka na wapi pa kukanyaga polepole.

Dalili pekee ni kistari cha chini mwanzoni mwa jina. sys._getframe, sys._current_frames, sys._debugmallocstats: kistari hicho kinasema kwamba hiki ni cha ndani, ukikitumia shauri yako. Hakizuii chochote. Python haina ukuta wa kisarufi unaotenga cha ndani na cha nje; ina adabu tu, na kistari ndicho adabu yenyewe. Sina ugomvi na adabu. Jamii za waandishi wa programu zimeishi nayo vizuri kwa miongo mitatu. Ugomvi wangu ni kwamba wenye nyumba wenyewe hawakuifuata, na ushahidi umo katika mstari mmoja wa maktaba ya kawaida ambao unastahili kusomwa neno kwa neno.

Mstari huo uko ndani ya collections.namedtuple, fanksheni pendwa inayotengeneza aina ndogo za data zenye majina. Kwa matoleo mengi ya Python 3 kabla ya 3.12 uliandikwa hivi: module = _sys._getframe(1).f_globals.get('__name__', '__main__'). Kazi yake ni kujua ni moduli gani iliyoita namedtuple, ili aina mpya ipachikwe jina la moduli hiyo na iweze kuhifadhiwa na kurejeshwa baadaye kwa pickle.

Tazama kwanza _sys. Mwandishi ameileta sys kwa jina la bandia lenye kistari, ili isionekane kama sehemu ya yale yanayotolewa na collections. Kisha linafuata jina la pili lenye kistari, _getframe. Vistari viwili katika pumzi moja, kimoja kikisitiri moduli na kingine kikikiri kwamba fanksheni ni ya ndani. Halafu inakuja namba 1 kwenye mabano, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mstari wote. Namba hiyo ina maana ya “aliyeniita mimi”. Ni nafsi iliyoandikwa kwa tarakimu. Fanksheni haimjui mwitaji wake kwa jina. Inamkadiria kwa kuhesabu hatua kurudi nyuma kwenye mrundiko wa miito, hatua moja, na kuchukulia kwamba yeyote atakayekutwa hapo ndiye mwenyewe.

Makadirio hayo hushindwa mara tu mtu anapoandika fanksheni yake ya kati inayoita namedtuple kwa niaba ya wengine. Hatua moja nyuma sasa inamkuta dalali, na aina zote zinapachikwa jina la moduli ya dalali. Tena mstari huo ulizungushiwa try na except, kwa kuwa kuna intapreta zisizo na _getframe kabisa. IronPython, kwa mfano, haiitoi mpaka uiombe kwa chaguo maalumu wakati wa kuianzisha. Kwa udhaifu huo wote, katika Python 3.6 iliongezwa hoja mpya yenye jina, module. Kuanzia hapo mwitaji anaweza kusema waziwazi kwamba aina hii ni ya moduli fulani.

Katika historia ya fanksheni hii moja tunaona umbo likijisahihisha. Mwanzoni nafsi ilitafutwa kwa kuchungulia. Baadaye ikaruhusiwa kujitaja. Toleo la 3.12 lilileta sys._getframemodulename, inayorudisha jina la moduli tu pasipo kukabidhi fremu nzima pamoja na vigeu vyake vyote, na hilo ni jema kwa kuwa linapunguza kinachofichuliwa. Lakini nayo ina kistari. Maktaba ya kawaida bado inategemea kile inachowaambia wengine wasikitegemee.

Kuna umbo jingine ambalo ni la ajabu zaidi, nalo ni ufutaji. Katika Python 2 sys ilikuwa na fanksheni iitwayo setdefaultencoding, ya kubadilisha usimbaji ambao intapreta ilitumia kugeuza maandishi ya baiti kuwa ya Unicode. Usimbaji wa kawaida ulikuwa ASCII. Intapreta ilipoanza, moduli ya site ilifanya matayarisho yake, kisha ikaifuta fanksheni hiyo kutoka kwenye sys kabla programu ya mtumiaji haijaanza. Kwenye nyaraka ilikuwepo. Kwenye C ilikuwepo. Ukiitafuta katika programu yako, haikuwepo. Ni matini iliyochapishwa ikiwa na ukurasa uliochanwa, huku faharasa ikiendelea kuutaja.

Waandishi wa programu waligundua upesi kwamba reload(sys) huurudisha ukurasa. Mistari miwili, reload(sys) na sys.setdefaultencoding('utf-8'), ikaenea katika miradi isiyohesabika, hasa kwa watu ambao lugha zao hazitoshi ndani ya ASCII. Sisi wa Kiswahili tulikuwa na bahati ya nusu: herufi zetu zote zimo ndani ya ASCII, hata ng' ya ng'ombe, mpaka pale programu ya kuandikia inapoigeuza alama hiyo ya juu kuwa iliyopinda. Hapo neno halali la Kiswahili linatoka nje ya ASCII, na programu iliyokuwa ikienda vizuri inaangusha kosa la usimbaji. Nawaelewa kabisa waliokimbilia mistari ile miwili.

Hata hivyo gharama yake ilikuwa kubwa na ya siri. Katika Python 2 kamusi za data zilitegemea sharti kwamba vitu viwili vilivyo sawa viwe na heshi sawa. Ukibadilisha usimbaji wa kawaida, mfuatano wa baiti na mfuatano wa Unicode wenye herufi za nje ya ASCII huanza kuhesabiwa kuwa sawa ilhali heshi zao ni tofauti. Kitu unachokijua kimo kwenye kamusi kinatafutwa na hakipatikani. Na badiliko hilo lilikuwa la mchakato mzima. Maktaba uliyoipakua jana ingeweza kubadilisha maana ya usawa kwa kila maktaba nyingine, na hakuna mahali palipoandikwa nani alifanya hivyo. Baadaye Python 3 iliiondoa fanksheni hiyo kabisa. Kuondoa ni mkataba ulio wazi. Kufuta wakati wa kuanza kulikuwa ni kumwambia msomaji kwamba hakioni anachokiona.

Kutokuwa na nafsi kunaonekana vizuri zaidi katika gc, moduli ya mzoa taka. Fanksheni zake mbili maarufu hazina hoja hata moja: gc.disable() na gc.enable(). Mabano matupu. Nazipenda kwa macho, kwa kuwa ni fupi na zinasomeka. Lakini utupu huo una maana. Hakuna anayezima, kunazimwa tu. Hakuna idadi ya waliozima, wala kumbukumbu ya kwamba mmoja bado anahitaji kuzimwa kuendelee. Wa mwisho kusema ndiye anayesikika.

Wahandisi wa Instagram walilieleza hadharani tukio linaloonyesha jambo hili, mwaka 2017. Seva zao ziliendesha Python kwa mchakato mzazi na michakato watoto iliyoshiriki kumbukumbu moja mpaka pale mmoja anapoiandikia. Mzoa taka, kila alipopita, aliandika alama zake kwenye vichwa vya vitu, na kwa kuandika tu akasababisha kurasa za kumbukumbu zinakiliwe kwa kila mtoto, hata kama data yenyewe haikubadilika. Wakaamua kumzima kwa gc.disable(). Kumbukumbu inayoshirikiwa haikuongezeka. Walipochunguza waligundua kwamba maktaba ya nje, msgpack, ilikuwa ikiita gc.enable(). Dawa yao ilikuwa gc.set_threshold(0), kuweka kizingiti cha uzoaji kuwa sifuri. Amri ya “washa” inapita, mzoa taka anahesabiwa kuwa amewashwa, lakini hafikii kamwe kiwango cha kumfanya aanze kazi. Kwa maelezo yao, ufanisi uliongezeka kwa asilimia 10.

Dawa hiyo inasomeka kama hila ya kisarufi, na naisifu kwa dhati, kwa sababu waliyajua vizuri mapengo ya matini waliyokuwa wakiisoma. Hawakushindana kwa kupiga kelele zaidi ya msgpack. Walitafuta kitenzi kingine ambacho msgpack haikukijua. Lakini ukiangalia kwa makini, ushindi wao ulitegemea bahati kwamba hakuna maktaba nyingine iliyopanga vizingiti vyake yenyewe. Baadaye, Python 3.7 ikaleta gc.freeze, inayohamisha vitu vyote vinavyofuatiliwa kwenye kizazi cha kudumu ambacho mzoa taka hakigusi. Jina ni zuri na linaeleza kusudi. Mabano bado ni matupu.

Nipite kwa haraka kwenye sys.getrefcount, inayosema kitu kina marejeo mangapi. Jibu lake kwa kawaida huzidi kwa moja, kwa kuwa kukipeleka kitu kwenye fanksheni kuulizia marejeo yake ni kuongeza rejeo jingine. Nyaraka zinakiri hilo, na ni ukweli wa kupendeza: hapa angalau muulizaji anaonekana ndani ya jibu. Tangu 3.12 baadhi ya vitu vimefanywa visivyokufa, na katika toleo hilo, kwenye kompyuta za biti 64, ukiuliza marejeo ya None utajibiwa 4294967295. Namba hiyo haihesabu chochote. Ni alama iliyovaa mavazi ya hesabu, na programu yoyote iliyojenga hoja zake juu ya hesabu hiyo ilijenga juu ya jambo ambalo intapreta haikuahidi.

Sasa nije kwenye sys.settrace, kwa kuwa hapa ndipo umbo baya na umbo jema vimewekwa katika moduli moja na msomaji anaweza kuvilinganisha mwenyewe. settrace hupokea fanksheni moja, na kupitia hiyo intapreta hutoa taarifa ya kila mstari unaotekelezwa katika uzi huo. Kiti ni kimoja. Programu ya kuwinda hitilafu ikikikalia, kisha programu ya kupima mistari iliyojaribiwa ikaja na kuita settrace, ya kwanza inaondolewa bila taarifa. Haiambiwi. Wala ya pili haiambiwi kwamba imemng'oa mtu. Kuna sys.gettrace, na muungwana anaweza kuitumia kuangalia kama kiti kina mtu, ila itamrudishia fanksheni tupu isiyosema ni ya chombo gani.

Oktoba 2023, toleo la 3.12 lilikuja na sys.monitoring, kutokana na pendekezo la Mark Shannon, PEP 669. Kabla ya kufuatilia chochote, chombo kinatakiwa kuita use_tool_id kwa hoja mbili: namba ya kitambulisho kati ya 0 na 5, na jina lake. Namba nne zimepewa kazi zake kwa jina: 0 ni ya kuwinda hitilafu, 1 ya kupima ufikiaji wa majaribio, 2 ya kupima kasi, 5 ya kuboresha utendaji. Ukiomba namba iliyokwisha kuchukuliwa, unapata ValueError. Ukitaka kujua nani amekaa kwenye namba 1, unaita get_tool(1) na unarudishiwa jina.

Jina! Baada ya miaka zaidi ya thelathini, matini hii imepata nafsi. Vyombo viwili vinaweza kusikiliza matukio ya intapreta kwa pamoja, kila kimoja kikitaja matukio yake, na kila kimoja kikiweza kurudisha DISABLE kusema kwamba mahali hapa pa msimbo nimeshapaona, usiniite tena. Jibu hilo la DISABLE lina faida ya kasi, maana chombo cha kupima ufikiaji kinahitaji kila mstari mara moja tu. Lakini kwangu faida ya fani inatangulia ile ya kasi. Hapo zamani intapreta ilikuwa ikisema na chombo kikisikiliza. Hapa chombo kinajibu, na jibu lake linahusu mahali pake peke yake, haliwafungii wengine.

Nisiisifu kupita kiasi. free_tool_id inaweza kuitwa na msimbo wowote, hata usio mwenye namba, na namba ikaachiwa. Kwa hiyo jina si kufuli. Nalikubali hilo bila huzuni, kwa kuwa Python ilishajaribu kufuli na ikashindwa: moduli za rexec na Bastion, zilizokusudiwa kuendesha msimbo usioaminika ndani ya mipaka, zilizimwa katika toleo la 2.3 na kuondolewa kabisa katika 3.0. Lua, lugha iliyozaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio huko Brazili, ilichukua njia nyingine. Nguvu zake za ndani zimekusanywa katika jedwali moja liitwalo debug, na programu mwenyeji ndiyo inayoamua kama msimbo wa mgeni utapewa jedwali hilo au la. Umbo hilo ni safi sana. Haliwezi kuhamishiwa Python, ambako kitu chochote ukikishika kinakupeleka kwa kingine hadi ufike kwenye moyo wa intapreta, lakini linaonyesha kwamba sys na gc zingeweza kutenganisha mapema zaidi vifaa vya kila siku na vile vya fundi.

Toleo la 3.14, la Oktoba 2025, limeongeza sys.remote_exec. Inapokea hoja mbili: namba ya mchakato mwingine unaoendesha Python, na njia ya faili la msimbo. Mchakato ule, ukifika mahali salama, unalitekeleza faili hilo ndani yake. Kwa mhandisi mwenye seva iliyokwama usiku ambayo hawezi kuizima, hii ni zawadi. Jina halianzi na kistari, na ni sawa, kwa maana wenye intapreta wameamua kuikiri hadharani. Swichi ya kuizima pia imewekwa mahali panapofaa, kwa mwendeshaji na si kwa msimbo: kigeu cha mazingira PYTHON_DISABLE_REMOTE_DEBUG, au uamuzi wa kuiacha nje wakati intapreta inajengwa. Hata matukio ya ukaguzi, taarifa ambazo intapreta hutoa kuhusu vitendo nyeti, yametimia. Upande wa mtumaji kuna tukio lenye namba ya mchakato na njia ya faili. Upande wa mpokeaji kuna tukio lenye njia ya faili peke yake.

Hapo ndipo ninaposimama kama msomaji. Fanksheni inarudi papo hapo, kabla faili halijatekelezwa, na hakuna njia ndani yake ya kujua limetekelezwa lini. Mtumaji anabaki akingoja kitu ambacho hakitamjibu. Mpokeaji anaandika kwenye ukaguzi wake kwamba faili fulani limeendeshwa, na hana mahali pa kuandika nani aliagiza. PEP 669 ilidai jina kutoka kwa chombo kilichomo ndani ya mchakato uleule. PEP 768, iliyoleta remote_exec, haikudai jina kutoka kwa mchakato wa nje kabisa. Hoja ya tatu, jina la chombo kinachoagiza, ingeingia kwenye mabano yale bila kumzuia mhandisi yeyote, na ingefika kwenye tukio la ukaguzi la mpokeaji kando ya njia ya faili.